Nikolai Vavilov, Mtafutaji wa Mbegu za Wakulima

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wanachama watakuta hesabu za magunia, picha za maghala, na majina ya wale waliokiongoza Chama Kikuu chetu kwa miaka kumi iliyopita. Tumeona vema kurasa chache zitengwe kwa ajili ya mtu ambaye hakufika Ufipa kamwe, wala hakuuza hata kibaba kimoja katika vyama vyetu vya msingi, lakini ambaye kazi yake inagusa kila punje tunayoitia ardhini. Mtu huyo ni Nikolai Ivanovich Vavilov, Mrusi, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1943. Wataalamu wa kilimo wa dunia nzima humtaja kwa heshima kubwa. Kwetu sisi tulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa jina lake husikika mara chache, hali ulezi wetu ulikuwa mmojawapo wa mimea aliyoishughulikia.

Alizaliwa katika mji wa Moscow. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa wakulima wa kijijini, na baba mwenyewe aliingia mjini akiwa kijana, akafanya kazi ya biashara ya nguo hadi akawa mtu wa mali. Alitumaini kwamba mwanawe naye angeshika biashara, akampeleka katika shule ya elimu hiyo. Walakini kijana hakupenda vitabu vya faida na hasara. Alipokuwa mtoto wa miaka minne tu, yaani katika miaka ya 1891 na 1892, njaa kubwa iliikumba Urusi, na watu wengi wa vijijini wakapotea. Urusi ya siku hizo ilikuwa nchi ambayo mkulima hakuwa na uhakika wa kula hadi mavuno yafuatayo, na kijana aliyetaka kuwasaidia watu wake hakukosa kuona kazi iko wapi. Akaingia chuo cha kilimo cha Moscow, akamaliza mwaka 1911.

Mnamo mwaka 1913 alikwenda Uingereza akasoma kwa Profesa William Bateson, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya urithi wa viumbe, elimu inayoeleza kwa nini mtoto hufanana na wazazi, na kwa nini ng'ombe mwekundu na ng'ombe mweusi huzaa ndama wa namna fulani. Vavilov alikuwa na swali lake mwenyewe. Alitaka kujua kwa nini katika shamba moja lililoshikwa na ugonjwa wa kutu, ngano ya aina moja hufa na ya aina nyingine husimama imara. Aliona kwamba kinga hiyo imo ndani ya mmea, hurithiwa, na yaweza kutolewa katika mmea mmoja ikatiwa katika mwingine kwa kuipandanisha. Ikiwa ni hivyo, basi la kwanza ni kuwatafuta wenye kinga. Wapo wapi?

Swali hilo lilimfanya msafiri. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiendelea, askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walipatwa na kizunguzungu kila walapo mkate. Vavilov akatumwa kuchunguza, akagundua kwamba ngano iliyosagwa ilichanganyika na mbegu za gugu lenye sumu. Kazi hiyo ilipokwisha hakurudi nyumbani, bali alipanda milima ya Pamir akikusanya ngano na shayiri za wenyeji. Mwaka 1917 akawa profesa katika mji wa Saratov, ulio kando ya mto Volga. Tunaomba msomaji aukumbuke mji huo, maana tutaufikia tena. Hapo Saratov mwaka 1920 aliwatangazia wataalamu wenzake kanuni iliyompa sifa: kwamba mimea ya jamaa moja hubadilika kwa mfano unaofanana, hata mtu akiona ngano isiyo na ndevu aweza kutazamia kwamba shayiri isiyo na ndevu nayo ipo mahali fulani, japo hajaiona bado.

Mwaka uliofuata aliitwa Petrograd, mji ulioitwa Leningrad tangu 1924 na ambao leo ni Saint Petersburg, kuongoza idara ya mimea ya kilimo. Wakati ule ule njaa nyingine iliua mamilioni ya watu katika bonde la Volga. Mavuno yalipokufa, wakulima walikula hata mbegu zao, na aina nyingi za kale zikapotea pamoja na wenyewe. Mtu wa kwetu atafahamu bila maelezo marefu jinsi mbegu inavyopotea. Haihitaji moto wala mafuriko. Yatosha nyumba moja iliyokuwa ikiitunza ikose kuipanda misimu miwili au mitatu.

Sasa tueleze wazo lake kubwa, kwa sababu ndilo lililomleta Afrika. Vavilov alisema kwamba mimea ya chakula haikuanza kulimwa kila mahali, bali katika nchi chache, nyingi zikiwa za milima, na kwamba nchi hizo hujulikana kwa wingi wa namna za mmea ule. Ukikuta bonde moja lina shayiri nyeusi, nyeupe na ya zambarau, ndefu na fupi, ya kukomaa mapema na ya kuchelewa, basi shayiri imekaa hapo muda mrefu mno, na wakulima wameichagua kwa vizazi vingi. Hapo ndipo pa kutafuta kinga dhidi ya magonjwa na uvumilivu wa ukame. Alilichapisha wazo hilo mwaka 1926. Wataalamu waliokuja baadaye wamelisahihisha katika mambo kadhaa. Ngano, kwa mfano, haikuanzia Uhabeshi ingawa imejaa namna nyingi huko. Lakini ushauri wake wa mahali pa kutafuta umebaki kweli.

Mwishoni mwa mwaka 1926 alifika Djibouti, akapanda gari la moshi kwenda Uhabeshi, yaani Ethiopia. Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alimpokea na kumpa ruhusa ya kusafiri. Nyumbu walikodiwa, wapagazi na walinzi wakapatikana, na msafara ukapita katika nyanda za juu kuelekea kaskazini, kwa njia ya Gondar na Aksum, hata Asmara katika Eritrea mwaka 1927. Katika safari zake za mwaka uliotangulia alikuwa ameugua malaria huko Shamu, na watu wasiomjua wangetazamia apumzike. Mazoea yake yalikuwa kulala saa nne au tano tu, kisha kuendelea.

Kazi yake ya kila siku twaweza kuiona kama kwamba tulikuwapo. Msafara ukifika kijijini, yeye hakuanza kwa mkuu wa mahali peke yake. Aliingia mashambani na sokoni, akaokota masuke, akauliza mmea huu wapandwa lini, wavunwa lini, unga wake unapikwaje. Alijifunza maneno ya lugha za wenyeji kila alikokwenda, kwani aliamini kwamba jina la mmea ni ushahidi wa safari yake. Kisha mbegu zilitiwa katika vifurushi, zikaandikwa, zikapelekwa Leningrad kwa posta. Karibu na Aksum alipata ngano ngumu isiyo na ndevu, ambayo kwa kanuni yake ya 1920 alikuwa ameitazamia. Twadhani furaha ya siku hiyo ilizidi ile ya nishani yoyote aliyopata kuvishwa.

Wahabeshi walikuwa wakilima mazao ambayo hayakuwa na bei katika soko la dunia. Palikuwa na tefu, nafaka ndogo kuliko zote, ambayo ndiyo mkate wao. Palikuwa na enseti, mmea unaofanana na mgomba lakini ambao watu hula shina na kiini chake, si tunda. Palikuwa na nugu ya kukamua mafuta, na mbarika, na uwatu ambao watu wa pwani yetu nao huutumia kwa chakula na kwa dawa, na habasoda. Na palikuwa na ulezi. Vavilov aliuandika ulezi miongoni mwa mazao ya Uhabeshi, naye hakukosea kuuona kuwa wa Afrika. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Uganda, kisha ukavuka bahari kwenda India, ambako leo hulimwa zaidi kuliko kwetu.

Safari nyingine tutazitaja kwa haraka. Alikuwa amekwisha kwenda Afghanistan mwaka 1924. Baada ya Uhabeshi alikwenda magharibi ya China, Japani na Korea mwaka 1929, Mexico na Amerika ya Kati mwaka 1930, na nchi za milima ya Andes katika 1932 na 1933. Kufikia mwaka 1940 chuo chake kilikuwa na sampuli zipatazo 250,000, hifadhi ya mbegu kubwa kuliko zote duniani wakati huo.

Huenda mwanachama mmoja akauliza faida ya ghala la mbegu ambazo haziuzwi. Tutajibu kwa mifano miwili. Shayiri ya Marekani iliposhambuliwa na ugonjwa wa virusi unaoifanya mimea iwe mifupi na ya manjano, kinga ilipatikana katika shayiri ya wakulima wa Ethiopia, wala si katika aina bora zilizokuwa zikisifiwa. Na mfano wa pili u karibu zaidi. Mahindi chotara ya H614, yajulikanayo sana katika nyanda zetu za juu za kusini, yalitengenezwa Kitale, Kenya. Watafiti wa hapo walipandanisha mahindi ya wenyeji wa Kenya na mahindi yaitwayo Ecuador 573, yaliyotoka kwa wakulima wa milima ya Amerika ya Kusini. Chotara wa kwanza wa mchanganyiko huo, H611, alitolewa mwaka 1964, na H614 ni wa damu hiyo hiyo. Hivyo mahindi yaliyousukuma ulezi pembeni Ufipa yenyewe ni mjukuu wa mbegu ya mkulima asiyejulikana jina, aliyeendelea kupanda mahindi ya babu zake katika baridi ya milimani. Twamshukuru mkulima huyo, ingawa hatukumwona.

Turudi kwa Vavilov, maana siku zake mbaya zilikuwa zakaribia. Serikali ya Stalin ilikuwa imewalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, njaa kubwa ikafuata katika 1932 na 1933, na wakubwa wakataka mbegu mpya upesi. Mwaka 1931 iliamriwa kwamba aina mpya zipatikane kwa miaka minne au mitano, badala ya kumi au kumi na miwili. Vavilov alijua kwamba mmea hausikii amri. Alitokea mtu mwingine, Trofim Lysenko, mtoto wa mkulima, aliyeahidi kwamba kwa kuzilowesha na kuzipoza mbegu angeweza kubadili tabia ya mmea kwa muda mfupi. Aliikana elimu ya urithi, akasema ni uongo wa mabepari. Hapo mwanzo Vavilov mwenyewe alimsifu na kumsaidia apate nafasi, kwa kuwa alipenda kuwapa moyo vijana waliotoka vijijini. Hilo lilikuwa kosa lake, nalo lilimgharimu. Baada ya 1933 hakuruhusiwa tena kusafiri nje. Mwaka 1938 Lysenko akawekwa kuwa rais wa akademia ya kilimo, cheo ambacho Vavilov alikishika kabla hadi 1935. Mwaka 1939 mkutano wa wataalamu wa elimu ya urithi ulifanyika Edinburgh, na Vavilov ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano. Kiti chake kilikaa wazi.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi ya Ukraine akikusanya mbegu. Motokaa ilikuja ikamchukua, na wenzake wakaambiwa kwamba anatakiwa Moscow kwa shauri la haraka. Walipoufungua mkoba wake baadaye walikuta masuke ya ngano ya kale aliyoyapata siku hiyo hiyo. Alihojiwa kwa muda wa miezi kumi na mmoja, akashitakiwa kwa upelelezi na kwa kuharibu kilimo cha nchi. Mwezi Julai 1941 alihukumiwa kifo. Majeshi ya Kijerumani yalipoukaribia Moscow, wafungwa walihamishwa, naye akapelekwa Saratov, mji ule ule alikokuwa profesa. Adhabu ilibadilishwa mwaka 1942 kuwa kifungo cha miaka ishirini. Lakini chakula cha gerezani hakikutosha kumweka mtu hai. Mke wake, Bibi Elena Barulina, naye mtaalamu wa dengu, alikuwa amehamia Saratov pamoja na mtoto wao kwa sababu ya vita, asijue kwamba mumewe yu karibu naye, nyuma ya ukuta. Vavilov alifariki tarehe 26 Januari 1943, mwili wake ukiwa umedhoofishwa na njaa. Serikali ya nchi yake ilimtangaza kuwa hakuwa na hatia mwaka 1955.

Na ghala lake je? Mji wa Leningrad ulizingirwa na majeshi ya Hitler tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na watu mamia kwa maelfu wakafa kwa njaa. Katika jengo la chuo zilikuwamo tani za mpunga, karanga, ngano, mahindi na kunde. Watumishi wa chuo walijifunga humo, wakafukuza panya usiku na mchana, wakachoma mbao ili viazi visiharibiwe na baridi kali. Kadhaa wao walikufa kwa njaa wakiwa kazini. Mwangalizi wa mpunga alikufa akiwa amezungukwa na mifuko ya mpunga, na mwangalizi wa karanga alikutwa amekufa mezani pake. Mbegu hawakuzila. Sisi tulipokuwa tukiandika habari hii tulibishana juu yao. Mmoja wetu alisema kwamba mtu mwenye watoto hawezi kufanya hivyo wala hapaswi. Mwingine alisema kwamba mkulima yeyote aliyewahi kuning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moto, watoto wakilala bila kushiba mwezi wa Januari, amekwisha kufanya jambo la namna hiyo kwa kipimo kidogo. Hatukupatana.

Sasa neno juu ya ulezi wetu. Wazee wa Ufipa waliulima kwa namna iliyowashangaza wageni. Walipindua nyasi wakazifunika udongo katika matuta ya ntumba zikaoza, wakapanda maharage juu yake, na msimu uliofuata wakayasambaza matuta na kumwaga ulezi. Ardhi ilipata mbolea bila duka. Kuanzia miaka ya 1970, mbegu chotara, mbolea ya chumvichumvi ya bei nafuu na bei moja ya serikali kwa nchi nzima viliyafanya mahindi kuwa fedha, na Rukwa ikahesabiwa katika mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa. Hatulii juu ya jambo hilo. Mahindi yamejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini ulezi una chokaa ya mifupa zaidi ya mara kumi ya ile iliyomo katika mahindi. Ndiyo maana mama aliyejifungua hupewa uji wake. Wakaa ghalani miaka mingi pasipo dawa, wala dumuzi haugusi.

Wataalamu wa uzalishaji wa mbegu wameanza kuurudia. Kazi yao ni ngumu, maana ua la ulezi ni dogo mno na hujichavusha lenyewe kabla mtu hajaweza kuingiza chavua ya mmea mwingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maendeleo yametokana na kuchagua yaliyo bora katika mbegu za wakulima. Aina za U15 na P224 ziliidhinishwa nchini mwaka 2012. P224 ina asili ya Uganda. Maadui wakuu ni kiduha na ule ukungu unaokausha shingo ya suke na kuliacha jeupe bila punje. Kinga dhidi ya ukungu huo hutafutwa kwa njia ile ile ya Vavilov, yaani katika mashamba ya nchi ambako mmea umekaa muda mrefu. Uwanda wetu ni mojawapo ya nchi hizo.

Tunawaomba basi makatibu wa vyama vya msingi, kuanzia Laela na Mpui hadi Matai na Namanyere, waulize katika vijiji vyao ni nani bado anapanda ulezi wa kale. Kila aina iwekwe peke yake, kiasi cha kibaba kimoja, ikiwa imepurwa na kukaushwa vema kivulini, ndani ya mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni. Juu ya mfuko yaandikwe jina la ulezi kama wenyeji walitamkavyo, kijiji, mwezi wa kupanda na mwezi wa kuvuna, na kama hupendwa kwa ugali, kwa uji au kwa pombe. Nusu itabaki katika ghala la chama na kupandwa tena kila msimu wa pili. Nusu itaombewa nafasi katika hifadhi ya taifa ya mbegu iliyoko Arusha. Mifuko ipokelewe na karani wa ghala, naye amwandikie mwenye mbegu stakabadhi kama anavyomwandikia mwenye mahindi.